Msako wa Rangi ya Papai

Mwaka ule gesi ilipogunduliwa chini ya bahari, watu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, walianza kutazama juu. Helikopta ilipita asubuhi kuelekea kwenye meli za uchimbaji, ikarudi alasiri, na kila ilipopita hukosi kumkuta mtu kasimama katikati ya njia, ndoo kichwani, shingo kaikunja nyuma, maji yanamchuruzika mgongoni. Saquina hakuwa na nafasi hiyo. Yeye alikuwa mtu wa kutazama chini, na wala si kwa huzuni. Ndiyo kazi aliyoizoea tangu hajang'oka meno ya utoto: maji yakipwa anashuka na kikapu kwenye miamba ya ghuba ya Tungue, macho miguuni, anatafuta shimo la pweza, kombe, na chochote ambacho bahari imesahau kuondoka nacho.

Mama yake alimfunza sheria moja tu ya miambani. Ukifunua jiwe, lirudishe lilivyokuwa limelala, mgongo juu, tumbo chini. Jiwe lililoachwa chali huua kila kilichokuwa kikiishi chini yake, na kesho mwenzako akija anakuta nyumba tupu. Mama huyo alikuwa mpole kwa mambo yote ya dunia, lakini kwa jiwe moja aliweza kumrudisha mtoto nusu ya ufuo, maji yamekwisha kufika magotini, aende akaligeuze. Saquina alirudishwa mara nyingi. Alilia, akaenda, na alipokuwa mtu mzima akajikuta hawezi kupita penye jiwe lililo chali bila kuinama.

Ualimu ulimjia kwa ajali. Bamvua moja alikanyaga samaki mwenye miba ya sumu, mguu ukavimba, akawa hawezi kushuka pwani. Wenzake hawakumpa pole kwa muda mrefu. Walimletea watoto wao, wakamwambia, "Basi wewe umekaa tu, tuangalizie hawa." Sasa mtu wa mguu mmoja atawakimbizaje watoto wa miaka minne na mitano? Akaona bora wakimbie wao kwa faida. Akawaambia, nileteeni kitu chenye mashimo. Wakatawanyika kama vifaranga. Mmoja akaleta tumbawe lililokufa, mwingine jani lililoliwa na wadudu, mwingine chekecheo bovu, na Fauzi, mtoto wa jirani yake Zainabo, akaja na fulana ya mjomba wake. Saquina alicheka mpaka mguu ukasahau kuuma.

Mguu ulipona, watoto hawakuondoka. Wanawe mwenyewe wawili walikuwa wameshahamia Mtwara kwa biashara, na kiwanja kilichokuwa kimenyamaza kilijaa tena kelele. Watu wakapaita eskolinya, yaani shule ya vidudu, ingawa hapakuwa na ubao wala dawati, pana mkeka na kivuli cha makuti. Mama zao walimlipa kwa samaki, unga, na kuni. Saquina aliwapenda wale watoto kwa namna ambayo hakuitangaza, maana aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyokuwa akiamka mapema kuwasubiri.

Msimu wa joto, kabla mvua hazijakaza, ndio uliokuwa msimu wa misako. Asubuhi jua likiwa bado na adabu, aliwaketisha, akawatajia cha kutafuta: kitu kinachonuka, kitu laini kuliko sikio lako, kitu kilichomo ndani ya kitu kingine. Walikwenda wawili wawili, wameshikana mikono, mwisho wa mipaka ni mikokoni upande huu na barabara upande ule. Akigonga kifuniko cha sufuria, wote warudi. Hapo kila mmoja alisimama akasema ameleta nini na amekitoa wapi, kando ya nini, upande gani wa nini. Walipanga, walihesabu, waligombana. Kisha ikaja nusu ya pili ya msako, ambayo hawakuipenda: kila kitu kirudi kilipokuwa. Kaa arudishwe kwenye shimo lake, koa kwenye mchanga wake, fulana kwa mjomba. Aliyekataa, Saquina alimwongoza kwa mkono mpaka pale pale.

Zainabo hakuona maana. Huyu Zainabo alikuwa rafiki yake wa kuchokoa pweza tangu usichana, mwanamke mkunjufu, mkweli kupita kiasi, aliyeuza vitumbua kando ya barabara na kusikia kila jambo kabla halijatokea. Na alichokuwa akisikia siku hizo ni gesi. Watahitajika watu wa kuandika, wa kuongea Kireno, wa kuongea Kiingereza. Akamwangalia Fauzi wake, akamkuta na mchanga mfukoni na kaa begani.

"Saquina dada yangu, usinielewe vibaya," alisema siku moja, amekaa jikoni kwa Saquina akimtazama akiponda pweza. "Mtoto nakuletea asome. Ananirudia na taka. Kuokota taka kuna haja ya kufundishwa?"

"Haokoti tu. Anarudisha."

"Ndiyo hasa. Hata hizo taka zenyewe hatuzioni."

Saquina alicheka, kisha akaweka kando nazi zake mbili za kwenda kuzikuna kwa jirani wa tatu. Mbuzi yake ya kukunia, aliyorithi kwa mama yake, yenye meno makali na kiti kisichoyumba, iliazimwa na mtu wakati wa shamrashamra za Idi na haikurudi tena. Yeye alikuwa pwani ilipochukuliwa. Nyuma ya mlango wa jiko, moshi ulikuwa umepaka ukuta weusi kote, isipokuwa pale ilipokuwa ikitundikwa. Umbo lake lilibaki jeupe ukutani, na watoto walipenda kuliuliza.

"Bado haijapatikana?" Zainabo alisikitika kwa dhati. "Watu hawana haya. Kitu cha marehemu mama yako. Mtu mzima na akili zake anakaa nacho na usingizi unamjia."

Baada ya masikitiko hayo ndipo alipotoa lililomleta. Ijumaa, baada ya sala, kutakuwa na reunião, mkutano wa wazazi. Amepatikana kijana, Inácio, kamaliza darasa la kumi huko Mocímboa da Praia, amefikia kwa shangazi yake akingoja kazi za gesi kama kila mtu anavyongoja. Ana ubao wake. Atawakalisha watoto kwenye mabenchi barazani kwa shangazi yake, awasomeshe a, e, i, o, u. "Wewe utapumzika," alimalizia Zainabo, akimpigapiga begani.

Hakuna neno linalochoma kama kupumzishwa na mtu anayekupenda. Saquina hakuwa na ugomvi na Inácio, kijana mwenyewe alikuwa na salamu nzuri. Alichokiogopa ni kile kiwanja, asubuhi, kimefagiwa, na hakuna mtu. Alijaribu kulifikiria hilo akashindwa, akaendelea kuponda pweza mpaka akawa laini kuliko ilivyohitajika.

Jumatano akaamua, kama ni misako ya mwisho, basi iwe mizuri. Ilikuwa siku ya rangi. Akatafuta mfano wa kuwaonyesha, macho yakaangukia utepe uliofungwa kwenye mshikio wa kikapu chake, rangi yake kali kama papai lililoiva sana. Utepe huo aliupata wiki iliyopita. Alirudi pwani akakuta mti mwembamba umechomekwa kwenye kona ya kiwanja chake, umenyooka vizuri, umepakwa rangi nyeupe upande mmoja, una utepe juu. Akadhani ni michezo ya watoto. Akaung'oa, ukamfaa kushikilia kamba ya kuanikia pweza, na utepe ukamfaa kutambulisha kikapu chake kati ya vikapu vya wenzake. Akasahau.

"Nileteeni kitu cha rangi hii," alisema, akiuinua. "Ya papai. Isizidi, isipungue."

Alitegemea tungule, ua, gando la kaa, labda kipande cha boya la wavu. Watoto walitazama utepe, wakatazamana, wakaondoka mbio zisizo za kawaida. Siku nyingine ilimbidi agonge kifuniko mara tatu. Siku hiyo walirudi wenyewe, wanahema, kila jozi imekokota mti mwembamba, mweupe upande mmoja, una utepe juu. Waliilaza juu ya mkeka, wakaipanga kwa urefu bila kuambiwa. Saquina alivitazama vile vigingi, akageuka akatazama kamba yake ya pweza, akaelewa.

Hakupata muda wa kuketi. Mtu mmoja wa makamo, kavaa kizibao cha kung'aa na kofia ngumu, aliingia kiwanjani akifuata nyayo ndogo mchangani. Aliitwa Ossufo, mtu wa Olumbi, aliyeajiriwa na kampuni moja ya wapimaji kuchomeka vigingi kuanzia barabarani mpaka karibu na pwani. Alikuwa ametota jasho.

"Salama hapa, mama?"

"Salama. Karibu."

"Nimechomeka mstari wiki nzima," alisema kwa upole wa mtu aliyechoka hata kukasirika. "Asubuhi hii naurudia, nakuta mashimo. Shefe, mkubwa wangu wa kazi, anatoka mji wa Pemba kesho kuukagua." Ndipo alipouona mkeka. Akavua kofia, akachuchumaa mbele ya vigingi vyake vilivyopangwa kuanzia kifupi hadi kirefu. "Wamevipanga," alisema, kama mtu anayeona maiti yake imevishwa vizuri.

Katika msimu ule neno kampuni lilikusanya watu upesi kuliko ngoma ya harusi. Dakika chache na wazazi walikuwa wamejaa kiwanjani, Zainabo mbele, Inácio kando yake, na unga wa vitumbua bado uko mikononi mwa Zainabo. Aliposikia habari yote alimtazama Saquina, akatikisa kichwa polepole.

Ossufo alieleza kwamba anacho kifaa cha kupimia na anaweza kuvirudisha mwenyewe, ila kimoja kimoja kitamfikisha keshokutwa, na shefe hasubiri keshokutwa.

"Msako haujaisha," alisema Saquina. "Bado nusu ya pili. Haya, wanangu. Kila kitu kirudi kilipokuwa."

Basi waliondoka wote, watoto na miti yao mbele, Ossufo na kifaa chake, wazazi nyuma, kama msafara wa kumpeleka bwana harusi asiyejulikana ni nani. Jozi ya kwanza ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kichuguu nyuma ya kisima, ikashuka hatua kadhaa, ikachomeka. Ossufo alitazama kifaa, akainua gumba. Ya pili hivyo hivyo. Inácio, aliyekuja kwa ajili ya kutazama tu, alijikuta amechutama mbele ya watoto akiuliza, "Esquerda au direita?" na walipoduwaa akawaonyesha mkono wa kushoto na mkono wa kulia, na kufikia kigingi cha tano walikuwa wanampigia kelele esquerda hata palipostahili direita. Kijana alifurahi mpaka akasahau kuwa yeye ndiye mwalimu wa Ijumaa.

Si wote waliopatia. Fauzi alishikilia kwa kiapo kwamba kigingi chake kilikuwa barabarani, kando ya meza ya vitumbua ya mama yake, na hakuacha kukitazama kitumbua kimoja kilichobaki kwenye sinia. Kifaa kilikataa. Mwenzake wa jozi, aliyekuwa ameshiba, ndiye aliyewapeleka mahali penyewe, katikati ya shamba la mihogo la Zainabo.

Zainabo alisimama pale. "Huu mstari unakwenda wapi?"

"Mimi nachomeka tu, mama," alisema Ossufo. "Labda njia. Labda wasifanye kitu kabisa. Sisi hatuambiwi."

Zainabo aliitazama mihogo yake, na wazazi wengine wakaanza kugeuka huku na huku kuangalia kigingi kimeangukia kwa nani. Wiki nzima mstari ulikuwa umepita mashambani mwao na hakuna aliyeuona, maana wote walikuwa wanatazama helikopta. Zainabo akajifuta unga mikononi, akasema twendeni.

Mwisho wa mstari ulikuwa kwenye kona ya kiwanja cha Saquina. Ossufo alisimama hapo, akatazama kifaa, akatazama chini. Palikuwa na shimo, na mikono ya watoto ilikuwa mitupu.

"Kimebaki kimoja," alisema.

Wazazi wakawauliza watoto, nani kakitupa. Watoto wakakana. Hatua chache nyuma ya Saquina kigingi hicho kilikuwa kimesimama wima, kimebeba kamba yenye pweza wanne. Ni kweli alikusudia kusema. Ni kweli pia kwamba alifikiri: watu wakiondoka nitakirudisha taratibu, nani atajua, Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo inakuja.

Mkono mdogo ukamvuta kanga. Alikuwa Awa, mtoto wa miaka mitano asiyependa maneno mengi, ambaye kwa wiki tatu zilizopita alikuwa hajasema kitu ila kutaja alichookota.

"Mwalimu," alisema Awa, bila lawama yoyote, kama alivyokuwa akikumbushwa yeye kila siku. "Bado chako."

Akanyoosha kidole. Kiwanja kizima kikafuata kidole hicho mpaka kwenye pweza.

Alisikia aibu ambayo hajaisikia tangu mama yake amrudishe nusu ya ufuo. Lakini miguu ilikwenda yenyewe, ilikuwa imezoea. Akakishika kigingi, akaking'oa, kamba ikalegea, pweza wanne wakalala mchangani, na kuku wakaja kuona. "Nilikichukua mimi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikuuliza ni cha nani." Akafungua utepe kwenye kikapu, akaufunga juu ya kigingi, akakichomeka shimoni. Awa akakizunguka, akakunja uso.

"Weupe ulikuwa unatazama baharini."

Saquina akakigeuza. Ossufo alikuwa ameketi mchangani, kofia kafunika usoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na watu wote wakaangua naye. Zainabo tu hakucheka. Aliwaokota pweza, akawakung'uta mchanga, akamkabidhi mwenyewe. "Ijumaa tutaongea," alisema, akamshika Fauzi mkono akaenda zake.

Ijumaa Saquina alifagia kiwanja, akatandika mikeka, akakaa. Alikuwa ameshajiandalia maneno ya kumkaribisha Inácio. Wazazi walifika mmoja mmoja, na cha ajabu, hawakufika mikono mitupu. Mmoja alikuja na chungu, akampita Saquina akamrudishia jirani yake. Mwingine alileta ungo. Mwingine alileta shoka, akaliweka chini mbele ya mwenyewe bila kumtazama usoni. Watoto waliwafuata nyuma kama askari.

Zainabo alikuja wa mwisho. Alikuwa amebeba kitu kizito kilichofungwa kwenye kanga, na Fauzi alikuwa anamsukuma kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Tangu jana mtoto hali wali," alisema, na uso wake mkunjufu ulikuwa umeinama kwa haya. "Anasema nazi imekunwa kwa kitu kisicho chetu. Mimi nikamwambia ni chetu, mbona kipo hapa siku zote. Akanivuta mpaka nyumbani kwako ulipokuwa pwani, akanionyesha ukuta." Akafungua kanga. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, yenye meno makali na kiti kisichoyumba. "Wallahi, Saquina, nilisahau. Na usingizi ulikuwa unanijia."

Saquina alinyoosha mikono kuipokea.

"Si hapo," alisema Fauzi.

Basi Zainabo, aliyeitisha mkutano, akainuka na mzigo wake, akaingia jikoni mbele ya wazazi wote, na mwanawe nyuma yake akimwelekeza: juu kidogo, esquerda, esquerda, mama, sasa shusha. Waliokuwa nje walisikia mbao ikigusa ukuta. Umbo jeupe likafunikwa lote.

Alipotoka, alikaa mkekani kando ya rafiki yake, akavuta pumzi. Inácio alikuwa bado amesimama na ubao wake kwapani, hajui auweke wapi, na Zainabo akamwashiria autie pale pale kivulini, yeye naye akae.

"Haya," alimwambia Saquina. "Kesho unawatuma wakalete nini? Niambie mapema, nikaangalie kwangu."